Magofu ya mawe saa za jua kali: mlango unaungua, ndani giza, michongo haionekani

Msaka_Nuru

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kiufundi kutoka kwa wanaopiga magofu ya mawe.

Eneo lenyewe linafunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, hivyo mwanga wa mapambazuko na wa machweo haupatikani. Mchana jua linakuwa karibu na utosi. Kuta ni za mawe ya chokaa, rangi ya krimu. Vyumba vichache bado vina paa, vingine vimebakiwa na milango ya tao tu, na upande mmoja miti mikubwa imeinamia ukuta.

Yanayonishinda ni haya. Nikiwa ndani ya chumba nikielekeza kamera mlangoni, ama nje kunaungua kunakuwa kweupe tupu, ama ndani kunakuwa shimo jeusi. Pili, kuna ukuta wenye maandishi na michongo ya kina cha milimita 3 hadi 5, na kwenye picha unatoka bapa kama karatasi. Tatu, ukuta wa chini ya miti una madoa ya jua na kivuli, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayousaidia.

Vifaa: kamera ya fremu kamili, lenzi ya 24–70 mm f/4, tripodi, na flashi moja yenye namba ya nguvu 36 (kwa mita, ISO 100) inayofyatuliwa kwa redio. Tripodi inaruhusiwa. Flashi inaruhusiwa pia, isipokuwa chumba kimoja chenye mabaki ya rangi za kale ukutani. Naomba namba kamili, si "subiri mwanga mzuri".

---

Mshazari

Mkuu, nianze na la pili, maana ndilo linaloharibiwa na ushauri wa kawaida. Watu husema jua la mchana halifai kwa mawe. Linafaa sana, mradi ujue ukuta unatazama wapi. Kinachofanya mchongo uonekane si ulaini wala ukali wa mwanga. Unaonekana kwa sababu mwanga unaupitia ukuta kwa mshazari na kila ukingo unatupa kivuli chake.

Ukuta unaotazama mashariki kamili hupata jua asubuhi, na adhuhuri halisi jua hulingana na uso wake, kisha ukuta unaingia kivulini. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo dakika 80 hadi 90 kabla ya adhuhuri halisi, mwanga unaugonga ukuta huo kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, na dakika 40 hadi 45 kabla, kwa nyuzi 10. Hilo ndilo dirisha lako, nalo ni la mchana kweupe. Ukuta unaotazama magharibi ni vivyo hivyo, ila dakika zinahesabiwa baada ya adhuhuri. Kanuni hii haibadiliki kokote duniani ukuta ukiwa umenyooka kaskazini–kusini. Kinachobadilika ni upande mwanga unakotokea: jua likiwa utosini, vivuli vya michongo vinashuka chini, jua likiwa limeinama, vinakwenda pembeni.

Adhuhuri halisi si saa 6 ya kwenye simu. Ni dakika ile kivuli cha kijiti kilichosimama wima kinapokuwa kifupi kuliko vyote, na inaweza kupishana na saa rasmi kwa nusu saa au zaidi. Programu yoyote ya njia ya jua itakupa dakika yenyewe. Upande unaotazamwa na ukuta upime kwa dira, maana kosa la nyuzi 10 linaweza kusogeza dirisha kwa hadi dakika 40 jua likiwa limeinama, na kwa dakika chache zaidi likiwa karibu na utosi.

Kuta zinazotazama kaskazini au kusini zinafuata majira. Karibu na ikweta, mwezi Juni ukuta unaotazama kaskazini unapata jua la pembe ya nyuzi 23 hivi kutwa nzima, na Desemba zamu inakuwa ya ukuta wa kusini. Ukikosea majira, ukuta huo utaukuta kivulini siku nzima.

Pembe ipi uchague? Piga hesabu ya kivuli. Mchongo wa kina cha milimita 5 ukimulikwa kwa nyuzi 15 unatupa kivuli cha kama milimita 19. Kwa nyuzi 10, milimita 28. Kwa nyuzi 30, milimita 9. Kama herufi zimeachana kwa milimita 20, nyuzi 10 ni chache mno, kwani kivuli cha herufi moja kinaimeza inayofuata. Kwa kina ulichotaja, anza na nyuzi 15 hadi 25. Mistari iliyokwanguliwa tu, isiyofika hata milimita 1, ndiyo inayotaka nyuzi 10 au pungufu. Nakshi nene zilizotokeza sentimita kadhaa zinataka nyuzi 30 hadi 45, la sivyo mashimo yake yote yanakuwa meusi.

Kamera isimame sambamba na ukuta, lenzi katikati ya mchongo, tundu la lenzi f/8, usikivu wa sensa ISO 100. Usiyape maandishi maji wala chaki ili yasomeke. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye jiwe, na ikikauka inaganda upya chini ya uso na kuupasua kidogo kidogo. Chaki nayo inabaki kwenye vinyweleo vya jiwe, tena inaandika tafsiri yako juu ya kazi ya aliyechonga.

---

Lenzi_Kavu

Nijibu la mlango. Hapa shida ni kiasi cha mwanga, basi tuhesabu. Kwa f/8 na ISO 100, nje kwenye jua unahitaji shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/400. Ndani ya chumba chenye paa, kwa tundu lilelile, mara nyingi ni kama sekunde 1. Hiyo ni tofauti ya stopu 8 na nusu, na kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili. Pembe za chumba ziko chini zaidi kwa stopu 2 au 3. Sensa nzuri ya fremu kamili inasifiwa kubeba stopu 13 hadi 14 kwenye ISO 100, lakini zile za chini zimejaa chengachenga za kelele. Picha moja itakupa mlango mzuri na ukuta wa ndani wenye rangi iliyochafuka.

Piga mfululizo. Weka kamera kwenye modi ya mkono kamili, f/8, ISO 100, fokasi ya mkono iliyofungwa, mizani ya rangi iliyofungwa, faili za RAW (data ghafi ya sensa). Kisha 1/400, 1/100, 1/25, 1/6, sekunde 0.6, na ya sita sekunde 2.5 kwa ajili ya pembe. Badilisha shata peke yake. Ukibadilisha tundu, kina cha ukali kinabadilika na picha hazikai juu ya nyingine. Ukibadilisha ISO, unajiongezea chengachenga pale pale unapozikimbia.

Kama kamera yako ina mfululizo wa picha 5 zinazoachana kwa stopu 2, weka kati yake kwenye 1/25, upate zote tano kwa bonyezo moja, kisha ya sita uipige peke yake. Kama inatoa picha 3 tu, zungusha gurudumu la shata: mibofyo 6 ya theluthi moja moja ni stopu 2. Shusha nguzo ya katikati ya tripodi, tumia taima ya sekunde 2, na zima kitulizi cha lenzi, kwani kwenye baadhi ya lenzi kinatikisa picha kamera ikiwa imetulia kabisa.

Picha ya kwanza ndiyo ya kuilinda kuliko zote. Usiiamini skrini, tazama histogramu (chati ya mgawanyo wa mwanga), tena ile ya rangi tatu. Kwenye mawe ya krimu na ya manjano, nyekundu ndiyo inayofurika kwanza wakati histogramu ya jumla bado inaonyesha salama. Histogramu hiyo pia inachorwa kutokana na JPEG ya ndani ya kamera, si RAW, kwa hiyo chagua mtindo wa picha wenye mkinzano (tofauti ya weusi na weupe) mdogo ili ikaribie ukweli.

Na ukipiga kuta za nje kwa mita ya kamera (kipima mwanga chake), kumbuka mita inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Chokaa nyeupe itatoka kama saruji chafu. Ongeza theluthi 2 hadi stopu 1 ukuta ukijaza fremu. Mawe meusi ya volkeno yanataka kinyume chake.

---

Msaka_Nuru

Asanteni sana, hesabu ya pembe imenifungua. Maswali mawili ya nyongeza. Programu ya HDR ikiziunganisha zile picha, ukingo wa tao unapata utando mweupe na chumba kinang'aa kama studio. Inasababishwa na nini? Na kwa maandishi: nikitumia flashi badala ya kungoja dakika 40 za jua, niiweke wapi na kwa nguvu gani?

---

Lenzi_Kavu

Utando una vyanzo viwili. Cha kwanza ni programu yenyewe: inainua giza na kushusha weupe eneo kwa eneo, na penye ukingo mkali kama wa tao inavuka mpaka. Cha pili ni cha kweli, kimo ndani ya lenzi. Kwenye picha ya sekunde 2.5 mwanga wa mlango umezidi mno, unasambaa ndani ya vioo na kumwagika juu ya mawe ya pembeni. Futa kioo cha mbele kabla ya kila mfululizo. Vumbi la chokaa ni jepesi na linakaa hapo bila kuonekana.

Unganisha kwa mkono. Chukua picha ya sekunde 0.6 iwe msingi wa chumba, na ya sekunde 2.5 uitumie kwenye pembe za mbali tu, mbali na mlango. Kwa kilichoko nje usitumie ile ya 1/400 peke yake. Ichanganye na ya 1/100, ili nje kubaki kung'avu kwa stopu 1 hadi 1 na nusu kuliko kawaida. Jicho la mtu aliye ndani ya chumba cha giza linategemea nje kuwe kukali, na picha yenye nje na ndani sawasawa inaonekana bandia hata kwa asiyejua sababu. Kwa unene wa tao na sakafu ya mlangoni, pitisha 1/25 na 1/6 hatua kwa hatua. Mwanga unaoingia hufifia taratibu juu ya mawe yale, na picha za katikati ndizo zenye huo mfifio. Wengi huruka kutoka picha ya giza kabisa hadi ya mwanga kabisa, ndipo mstari wa kukatia unapoonekana.

Chumba kiache kiwe cha giza. Ukuta wa ndani ukikaa stopu 2 hivi chini ya nje, jiwe linabaki na uzito wake.

---

Mshazari

Flashi ya maandishi: itoe kwenye kamera, iweke juu upande wa kushoto wa mchongo. Macho ya watu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Ukimulika kutoka chini, herufi zilizochimbwa zinaonekana zimetokeza, na msomaji wa picha hana namna ya kujua.

Umbali ndio unaosahaulika. Tuseme maandishi yana upana wa sentimita 50. Flashi ikiwa sentimita 50 kutoka ukingo wa karibu, ukingo wa mbali uko mita 1, na mwanga unaofika huko ni robo tu: stopu 2 zimepotea ndani ya maandishi yaleyale. Irudishe hadi mita 2, na tofauti kati ya kingo inabaki theluthi 2 za stopu, ambayo RAW inasawazisha bila taabu.

Jua likiwa bado linapiga ukuta, flashi ndogo haiwezi kushindana nalo. Kinga mchongo kwa mwavuli mweusi usiopitisha mwanga. Mwavuli mweupe unageuka taa. Au fanya kazi hii mchana, ukuta wa mashariki ukiwa umeingia kivulini wenyewe. Kivulini mwanga unapungua kwa stopu 3 hivi, hivyo ukiwa na shata 1/200, f/11, ISO 100, mwanga wa mazingira unabaki mdogo na flashi inatawala. Kwa namba 36 na mita 2, nusu ya nguvu hadi robo inatosha.

---

Tripodi_Fupi

Mkuu Mshazari, yote sawa isipokuwa nguvu ya flashi. Namba 36 ukiigawa kwa mita 2 unapata f/18, pale mwanga unapougonga ukuta uso kwa uso. Kwa mshazari wa nyuzi 15, mwanga uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa karibu mara 4, kwa hiyo ukuta unapokea robo yake tu. Unapoteza stopu 2, na f/18 inakuwa f/9. Msaka_Nuru akienda na f/11 na robo ya nguvu atapata picha nyeusi na kudhani redio imegoma.

Aanze hivi: nguvu kamili, f/8, 1/200, ISO 100, mita 2. Mazingira yatakuwa stopu 2 tu chini ya kawaida badala ya 3, na kwa maandishi hilo ni heri, kwa sababu ndani ya vivuli kunabaki taarifa kidogo na mifereji haiwi wino mtupu. Akitaka mkinzano zaidi, asogeze flashi hadi mita 1.5 na akubali mfifio mkubwa kidogo. Kupandisha ISO hakutasaidia hapo, kwani kunainua flashi na mazingira pamoja. Asivuke pia shata ya mwisho inayolingana na flashi, 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi. Akivuka, mstari mweusi unakata picha.

Jambo jingine: piga mara nne, flashi ikizungushwa kutoka juu-kushoto, juu, juu-kulia na kulia, kamera isiguswe kabisa. Mstari unaofuata njia ya mwanga hautupi kivuli, kwa hiyo mulika moja huficha viboko fulani vya herufi kila mara. Maandishi yaliyolika yanasomeka kwa kulinganisha picha hizo, si kwa kuongeza mkinzano kwenye moja. Kama picha ni ya kumbukumbu, weka kipimo cha sentimita na kadi ya kijivu (ya kusawazishia rangi) pembeni, visiguse jiwe.

---

Mshazari

Sahihi kabisa, Tripodi_Fupi. Namba zako ndizo za kufuata.

---

Tripodi_Fupi

Sasa madoa ya chini ya miti, maana hakuna aliyeyagusa. HDR haisaidii hapo, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Tofauti kati ya doa la jua na kivuli ni stopu 3 au 4 hivi, sensa inazibeba zote. Kinachosumbua ni umbo: madoa yana kingo zinazoshindana na kingo za mawe, na jicho halijui lifuate zipi. Ukiinua vivuli na kushusha jua, umbo linabaki palepale likiwa limefifia, na rangi zinaachana kwa sababu doa la jua ni la njano na kivuli ni cha bluu, chenye kijani cha majani ndani yake.

Suluhisho la kwanza ni wingu. Wingu moja likipita, ukuta wote unalingana kwa dakika moja au mbili. Panga fremu, funga fokasi, kaa tayari.

Kusipokuwa na wingu, tumia mwendo wa jua lenyewe. Majani yaliyo mita 10 kutoka ukutani, kivuli chake kinahama kama sentimita 4 kila dakika, na zaidi pale mwanga unapougonga ukuta kwa mshazari. Piga picha 20 ndani ya dakika 20, kamera ikiwa imefungwa kwenye tripodi na mwangaza ukiwa uleule, kisha zipangane kama tabaka na uchukue wastani wake. Madoa yanalainika kuwa mwanga wa kutawanyika, mawe yanabaki makali. Upepo ukiwepo kazi inakwenda haraka zaidi. Haifui dafu kwa matawi mazito yaliyo mita 1 au 2 kutoka ukutani, kwa sababu kivuli chake kinasogea polepole mno. Hapo badilisha sehemu, piga upande ulio kivulini mwote.

Filta ya polaraiza ibebe kwa ajili ya majani na mawe yaliyolowa, inaondoa mng'ao na rangi inarudi. Inakula stopu 1 na nusu hadi 2. Kwenye 24 mm angalia anga: filta inatia giza sehemu moja kuliko nyingine na kuacha bonge la bluu iliyokolea. Anga likiwa jeupe la mawingu, liondoe kwenye fremu, jaza kwa ukuta.

---

Simu_Tu

Habari wakuu. Na sisi wenye simu peke yake?

---

Lenzi_Kavu

Ndugu, simu inafanya mengi ya hayo. Tumia kamera yake kuu, si ile ya pembe pana zaidi, ambayo kwa kawaida sensa yake ni ndogo na inavuruga haraka gizani. Gusa sehemu ya ukuta yenye jua na ushikilie hadi mwangaza na fokasi vifungwe, kisha vuta chini kidogo mpaka jiwe jeupe lionyeshe chembechembe zake. Simu ikiweza RAW, iwashe. Mlangoni, simama ili tao lifunike anga yote na kubaki ukuta wa nje tu. Utapunguza tofauti kwa stopu 1 au zaidi kabla hujagusa mpangilio wowote. Taima ya sekunde 3, na simu iwekwe kwenye stendi ndogo au juu ya begi, kamwe si juu ya ukuta wa kale.

Na hesabu ya Mshazari ya dakika 40 hadi 90 ndiyo zana kubwa kuliko zote kwa mwenye simu, kwani jua linafanya kazi ambayo angeinunulia flashi.

---

Msaka_Nuru

Nimeandika yote. La mwisho: kile chumba chenye rangi za kale, pasipo flashi?

---

Mshazari

Mwanga wa mlangoni peke yake. Tochi nayo usiiwashe mpaka uwaulize wasimamizi, hata kama kibao kinataja flashi tu. ISO 100, f/8, na uache shata ichukue sekunde inazotaka, 4, 8 au 15; ukuta hauendi popote. Tumia shata ya kielektroniki kama ipo, na funika kitundu cha kutazamia ikiwa kamera ni ya kioo cha ndani (DSLR), maana mwanga wa nyuma huingia na kudanganya mita.

Rangi ndiyo kazi yenyewe hapo. Mwanga unaofika umegonga kwanza udongo wa nje, majani, na sakafu, hivyo hauna uhusiano na mpangilio wa "jua" wala "kivuli" wa kamera. Shika kadi ya kijivu mbele ya ukuta, uielekeze kule kule ukuta unakotazama, piga, na urudie kila mita 2 ukiingia ndani, maana karibu na mlango mwanga ni wa bluu ya anga na mwisho wa chumba unakuwa wa kahawia. Fika jua likiwa upande wa pili wa jengo. Mwale ukiingia moja kwa moja na kuangukia sakafuni, sakafu inageuka taa ya rangi ya udongo na nyekundu zote za ukutani zinatoka zimezidi.